Elimu ya Lugha na Elimu ya Fasihi katika Shahada ya Kwanza ya Kiswahili

Yapo mambo mawili ambayo Chuo Kikuu chaweza kumfanyia kijana ajaye kusoma masomo ya sanaa na ya jamii. La kwanza ni kumpa habari za vitabu, za watu na za nyakati. La pili ni kumfundisha njia ya kuzitafuta habari hizo mwenyewe na kuzipima, hata siku ambayo mwalimu hayupo. Jambo la kwanza aghalabu husahauliwa upesi baada ya mtihani. La pili hudumu. Kwa hiyo mafunzo ya shahada ya kwanza yastahili kupimwa kwa jambo hili la pili, na kwa kipimo hicho mafunzo ya Kiswahili katika vyuo vya Afrika ya Mashariki, pamoja na sifa zake nyingi, yana kasoro moja kubwa ambayo yafaa itajwe wazi.

Sifa zitangulie. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961, kikiwa chuo kidogo chenye somo la sheria tu, hapakuwa na njia ya kupata shahada ya Kiswahili hapo kwa kufundishwa kwa Kiswahili. Uchunguzi wa lugha ulikuwa mikononi mwa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, nayo ilihamahama kutoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, Makerere na Mombasa, hata ikarudi Dar es Salaam na kuwa Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili mwaka 1964. Mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki kilipovunjwa na Dar es Salaam ikapata Chuo Kikuu chake yenyewe, Idara ya Kiswahili ilianzishwa. Tangu hapo imekuwa desturi kwamba Kiswahili hufundishwa kwa Kiswahili, na mitihani yake hujibiwa kwa Kiswahili. Waliodhani kwamba lugha hii haina maneno ya kutosha kwa elimu ya juu walijibiwa kwa vitendo: maneno kama fonolojia, mofolojia, sintaksia, uhakiki na tahakiki yamekuwa maneno ya kila siku katika kumbi za mihadhara. Hiyo si kazi ndogo, wala hapana haja ya kuitetea tena.

Lakini mtu akishajenga nyumba, huulizwa watu wanakaaje ndani yake. Nyumba hii ya shahada ya Kiswahili imejengwa ikiwa na vyumba viwili, kimoja cha isimu na kimoja cha fasihi, na ukuta uliopo kati yake hauna mlango. Katika chumba cha kwanza mwanafunzi hujifunza sauti za lugha, maumbo ya maneno na muundo wa sentensi. Katika chumba cha pili husoma riwaya, tamthilia na mashairi. Mwalimu wa huku aghalabu haulizi wanachofanya huko, na mwanafunzi mwenyewe, akivuka kutoka saa moja ya mhadhara hadi nyingine, huyaacha mlangoni yote aliyojifunza. Hii ndiyo kasoro inayokusudiwa kuelezwa katika makala haya.

Yafaa kuanza na upande wa fasihi. Kila aliyepita katika mafunzo haya ajua mgawanyo wa fani na maudhui. Kazi ya fasihi hupasuliwa vipande viwili: katika maudhui huwekwa dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo wa mwandishi, katika fani huwekwa muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Mgawanyo huu haukuzuka bure. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa swali la haki kuuliza maandishi yanamwambia nini mkulima na mfanyakazi, na mwalimu aliyekuwa na vitabu vichache vya uhakiki mkononi alihitaji utaratibu ambao wanafunzi wengi wangeweza kuufuata. Utaratibu ulipatikana, na ulisaidia. Ulimzuia mwanafunzi asiseme tu kwamba kitabu kimempendeza au hakikumpendeza, na ulimlazimisha atoe sababu.

Ubaya ulikuja pale ngazi ilipogeuzwa kuwa dari. Yatazamwe mahali ilipowekwa lugha katika mgawanyo huo: ni kipengele cha mwisho cha fani, baada ya mandhari, kana kwamba hadithi na shairi ni vitu vilivyokuwapo kwanza, kisha vikavikwa lugha kama mtu anavyovikwa kanzu. Na chini ya kipengele hicho mwanafunzi hufanya nini? Huorodhesha. Methali tatu, tashbiha mbili, takriri moja, na ukurasa wa kila moja. Hasemi kwa nini methali ile imetiwa kinywani mwa mhusika yule na si mwingine, wala sentensi za Shaaban Robert katika Kusadikika zina mizani gani hata zisomeke kama hotuba ya mzee barazani. Orodha ni sahihi, alama hutolewa, na lugha ya kitabu haikuguswa.

Mfano mmoja mdogo utaonyesha hasara iliyomo. Uchukuliwe mstari huu, uliotungwa kwa ajili ya makala haya tu: Mtu hapimwi kwa nguo, hupimwa kwa lake neno. Ni mstari wa shairi la kawaida, wenye mizani kumi na sita, nane katika kila kipande. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu akiambiwa auhesabu, mara nyingi hupata saba katika kipande cha kwanza, kwa kuwa amezihesabu irabu. Hakuiona m ya neno mtu. Sauti hiyo husimama peke yake na kuwa silabi kamili, maana ni mabaki ya mu ambayo irabu yake imeanguka; basi mtu ni mizani mbili. Neno mbuzi nalo ni mizani mbili, lakini kwa sababu nyingine: m yake haisimami peke yake, bali imeshikana na b na kuwa sauti moja, na silabi zake ni mbu na zi. Kisha lije neno mbwa. Herufi zake za mwanzo ni zile zile za mbuzi, walakini m yake ni silabi, kwa sababu mkazo wa neno la Kiswahili hutaka silabi ya pili kutoka mwisho, na katika neno hili hapana nyingine ya kuupokea.

Mambo haya yote mwanafunzi ameyasoma. Ameyasoma katika somo la fonolojia mwaka wa kwanza, akachora alama zake na kupata maksi nzuri. Lakini hakuna aliyemwambia kwamba Muyaka wa Mombasa na watunzi waliomtangulia walizijua silabi hizo kwa sikio kabla ya fonolojia kuandikwa, wala kwamba elimu aliyoisoma kwa jina la kigeni ndiyo elimu ya mizani. Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954 aliyaeleza mambo ya vina na mizani kama mtu anayefundisha ufundi. Ufundi huo sasa umegawanywa: isimu imechukua silabi, fasihi imechukua shairi, na hakuna aliyebaki na ufundi.

Matokeo yake yaonekana katika mabishano makubwa ya ushairi wa Kiswahili. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yake yasiyofuata vina na mizani yaliwagawanya washairi na wahakiki makundi mawili, na mabishano hayo yakaendelea kwa miaka mingi. Lilikuwa shauri zito, kwa kuwa liliuliza shairi la Kiswahili ni nini na nani mwenye haki ya kusema. Hata leo wanafunzi hupewa swali hilo katika mtihani, nao hujibu kwa bidii: huyu ni mwanamapokeo, yule ni mwanamabadiliko. Lakini asiyeweza kuhesabu mizani atamhukumuje aliyeziacha? Hajui kilichoachwa. Wala hawezi kusema ni kitu gani kilichowekwa mahali pake: pumzi ya msemaji, urefu wa sentensi, urudiaji wa maneno. Vile vile hawezi kuwaambia wanamapokeo kwamba mapokeo yenyewe ni mapana kuliko shairi la mizani kumi na sita. Kwamba utenzi una mizani nane, na kwamba tumbuizo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo hazikufungwa na kipimo hicho cha shairi. Pande zote mbili za shauri zahitaji shahidi mwenye masikio. Mafunzo yanatoa mashahidi wenye majina ya makundi tu.

Jambo la pili ni lahaja na maandishi. Sehemu kubwa ya ushairi wa kale haikutungwa kwa Kiswahili cha shuleni. Ilitungwa kwa Kiamu, Kimvita na lahaja nyingine za kaskazini, ambazo humo macho ni mato, njia ni ndia, na kucheka ni kuteka. Kijana wa Dodoma au wa Bukoba akisoma kwamba mtu anateka, hufikiri habari za maji na kisima. Akikuta ndoo, atafuta chombo cha kuchotea, kumbe mtunzi asema njoo. Somo la lahaja lipo katika mafunzo ya isimu. Humo mwanafunzi hufundishwa kwamba ch ya Kiunguja ni t katika Kimvita, na kwamba nj huwa nd. Ufunguo anao mfukoni. Hajaambiwa mlango uko wapi. Basi akifika kwenye Utenzi wa Mwana Kupona au Al-Inkishafi hutegemea maelezo ya chini ya ukurasa, na yasipokuwapo huacha.

Na maandishi yenyewe? Mwaka 1970, mwaka wa kuanzishwa kwa Idara, ilichapishwa orodha ya maandishi ya Kiswahili na ya Kiarabu yaliyomo katika maktaba ya chuo cha Dar es Salaam, kazi ya J. W. T. Allen, aliyezunguka kukusanya nakala za tenzi na kurekodi sauti za wasomaji wake. Yaani tenzi zenyewe, kwa hati ya Kiarabu, zimewekwa katika kilima kile kile wanakosomea wanafunzi. Wengi wa wanaopata shahada ya Kiswahili hawawezi kusoma hata mstari mmoja wake. Wala si hati tu inayotakiwa, bali fikira. Hati ya Kiarabu ina alama tatu za irabu, na Kiswahili kina irabu tano. Waandishi wa kale walitumia herufi ba pahala pa b, pa p, na hata pa mb. Neno moja lililoandikwa kwa ba na alif laweza kuwa baa, yaani msiba, au paa. Na likiwa paa, ni paa la nyumba au paa wa mwituni? Mswahili wa Mombasa huyatofautisha kwa pumzi ya p, lakini hati haiandiki pumzi hiyo. Msomaji hana budi kuamua kwa maana ya beti, kwa kina, kwa mizani na kwa sarufi. Hapo ndipo isimu na fasihi hukutana kwa lazima, na hapo ndipo mwanafunzi angejifunza kwamba kila shairi la kale lililochapwa limepita katika maamuzi ya mtu fulani, ambayo yaweza kuwa sahihi au makosa. Mashairi ya Muyaka yalihifadhiwa kwa kazi ya Mwalimu Sikujua wa Mombasa pamoja na W. E. Taylor, na William Hichens akayatoa kitabuni mwaka 1940. Anayesoma diwani hiyo bila kujua mikono iliyoipitia asoma nusu ya habari.

Ingekuwa dhuluma kuwatia hatiani walimu wa fasihi peke yao. Upande wa isimu una deni lake. Mifano inayotumiwa kufundishia sintaksia ni ile ya Juma anapiga mpira na Asha anapika wali, sentensi ambazo hapana aliyezisema kwa haja yoyote. Juma amepiga mpira huo kwa miaka mingi bila kufunga hata goli moja. Nadharia zilizotungwa kwa lugha za Ulaya hujaribiwa kwa sentensi hizo, na kwa kuwa sentensi zimetungwa ili zikubaliane na nadharia, zinakubaliana. Lakini Kiswahili kina sentensi nzito zinazongoja mwenye kuzichambua: hukumu ndefu za Shaaban Robert, mpangilio wa maneno katika utenzi ambapo kivumishi hutangulia jina lake, kama lake neno katika mstari uliotajwa juu, na kauli za watu wa soko na wa forodha. Mwanasarufi anayeziepuka kwa kuwa ni za fasihi amejinyima ushahidi bora wa uwezo wa lugha.

Ukuta huu hauishii ndani ya Kiswahili. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza huenda akachukua Kiswahili pamoja na historia. Katika wiki moja aweza kusoma Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 kwa Kiingereza katika somo la historia, na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, kwa Kiswahili katika somo la tamthilia. Vita ni ile ile, mtu ni yule yule, na maji ni yale yale. Hata hivyo huandika insha mbili kwa lugha mbili, kama watu wawili wasiojuana. Hapana anayemuuliza kwa nini mtunzi wa tamthilia alimtia Kinjeketile shaka ya moyo ambayo mwanahistoria hawezi kuithibitisha.

Wala haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam, katika uchunguzi ulioongozwa na John Iliffe na Gilbert Gwassa, walitumwa kwa wazee wa sehemu zilizopigana vita ile wakakusanye kumbukumbu zao. Hao walikuwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Walisikia maneno kwa masikio yao, wakayaandika, wakayapima neno kwa neno, maana mzee akisema maji ni lazima ijulikane ni maji gani. Kazi yao ilibaki, na wanahistoria wameitumia tangu wakati ule. Mfano huo watosha kuonyesha kwamba kijana wa shahada ya kwanza si chombo cha kumiminiwa. Akipewa kazi ya kweli, huifanya.

Watakuwapo watakaopinga, na hoja zao si za kudharauliwa. Watasema kwanza kwamba miaka ya shahada ni mitatu tu, na masomo ni mengi. Jibu ni kwamba halitakiwi somo jipya, bali masomo mawili yaliyopo yafanye kazi moja. Watasema pili kwamba wanafunzi ni wengi, na haiwezekani mwalimu mmoja kusoma nao beti kwa beti. Hoja hii ni ya kweli na ndiyo nzito kuliko zote. Lakini wingi wa wanafunzi hauzuii kutolewa kwa shairi moja fupi likachambuliwa na kila mmoja, kama usivyozuia kutolewa kwa insha. Watasema tatu kwamba kurudisha lahaja na hati ya Kiarabu ni kuwapendelea watu wa pwani. Hilo ni kosa la fikira. Kijana wa pwani naye hasomi hati hiyo siku hizi isipokuwa katika Kurani, na lahaja ya babu yake inampotea. Elimu hii ikitolewa chuoni itakuwa ya wote kwa usawa. Isipotolewa itabaki ya wachache waliobahatika kuzaliwa nayo, hata nao watoweke.

Mambo matatu yangeweza kufanywa bila gharama kubwa. La kwanza, katika mwaka wa pili liwepo somo moja linalofundishwa na mwalimu wa isimu na mwalimu wa fasihi pamoja, na humo kisomwe kitabu kimoja au utenzi mmoja tu kwa muhula mzima, kutoka sauti zake hadi maana yake. La pili, kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu aandae matini moja safi kwa mkono wake: ama ukurasa wa hati ya kale uliogeuzwa kwa herufi za Kirumi pamoja na maelezo ya kila uamuzi, ama masimulizi aliyoyakusanya kwao likizoni na kuyaandika kama yalivyosemwa. La tatu, katika mtihani wa fasihi litolewe shairi ambalo halijapata kufundishwa, na mwanafunzi aulizwe alisome. Mtihani wa vitabu vilivyokwisha kuhakikiwa hupima kumbukumbu. Mtihani wa shairi geni hupima elimu.

Jambo hili si la wanachuo tu. Wengi wa wanaopata shahada ya Kiswahili huenda kufundisha katika shule za sekondari, na huko ndiko kasoro huzaa. Mtoto atauliza kwa nini mstari huu unasemwa kuwa na mizani nane ilhali yeye amepata saba. Mwalimu aliyekariri dhamira na migogoro atamwambia kwamba kitabu kimesema nane, naye mtoto atajifunza kwamba ushairi ni jambo la kuamini. Mwalimu aliyefundishwa kusikia atamwambia atamke neno mtu polepole, tena, na mara ya tatu, mpaka aisikie ile m imesimama peke yake. Baada ya hapo mtoto huyo hatahitaji tena kuambiwa.